Kiti cha Marehemu Bado Kinatumia Pesa

Mliniacha mbele ya mita, mdomo wazi. Haujafunga hadi leo, na kwa niliyoyaona wiki hii sidhani kama utafunga karibuni.

Kwa anayeingia sasa, nimsimulie haraka. Naitwa Tak Mi-ran, mwandishi wa programu hapa Pangyo, mji wa kampuni za kompyuta, mama wa mtoto mmoja, mume sina wa kumtaja. Kampuni yetu ni Haneulgil, ndogo tu, inatengeneza programu za kupanga foleni za wagonjwa. Siku hizi programu zenyewe hatuziandiki kwa mkono. Tuna mawakala wa akili bandia: mmoja anaandika, wa pili anakagua, wa tatu anajaribu, na wakikosea wanarudia wenyewe bila kuulizwa. Hawali, hawaugui, hawaombi likizo. Ila kila wanachosoma na kila wanachoandika kinalipiwa, kwa sababu akili yao tumeikodi kwa kampuni nyingine.

Ankara ya mwezi wa tano ilipokuja, mhasibu alidhani ni makosa ya tarakimu. Won, pesa za kwetu, milioni mia moja na themanini. Mkurugenzi wetu, Pyo Gwang-su, akaniagiza nitengeneze mita ya kuonyesha nani anakula nini. Nikaitengeneza. Kila kazi nikaibandika alama: imefanywa na wakala gani, kwa shughuli gani, na imeidhinishwa kutoka kiti cha nani, maana kila mkuu ana kiti chake ndani ya kompyuta, yaani jina lenye ruhusa ya kuidhinisha.

Mita ikamtaja mlaji. Ni kiti cha Mkuu Ok Chang-ho, kiongozi wa idara yetu.

Na Mkuu Ok ni marehemu. Saratani ya ini ilimmaliza mwanzoni mwa mwezi huo huo wa tano.

Msiniulize kwa nini jina la maiti lilikuwa bado kazini. Mtu wa utumishi alitaka kulifuta siku ya msiba, tukamfokea kama tumemkamata mwizi. Mpaka siku ya arobaini na tisa, tunapoanua matanga, roho ya mtu iko njiani. Utamfutaje jina naye hajafika? Ndala zake zikabaki chini ya meza, kibao chake mlangoni, na kiti chake ndani ya kompyuta. Kila asubuhi kuna aliyemwekea kikombe cha kahawa, na kila jioni kuna aliyekimwaga. Hata Pyo aliinamisha kichwa akasema ni vyema tungoje.

Basi Jumatano nikaenda kwa Pyo na habari yangu. Nilitegemea aruke. Alikuwa anamenya tikiti dogo la njano, akaendelea kumenya mpaka ganda likaisha, ndipo akanisifu. Akasema niandike ripoti ya ukurasa mmoja tu: matumizi yametoka kiti cha Ok, Ok hayupo, kiti kitafungwa Jumamosi baada ya ibada. Jumatatu wawekezaji wanakuja kukagua hesabu, na wawekezaji hupenda kuambiwa jambo limekwisha.

Nikamwambia maiti haidhinishi kitu.

“Kiti ni chake, jina ni lake,” akasema. “Fikiri, Bi Tak. Mtu aliyekufa hafukuzwi kazi. Hapelekwi mahakamani. Hakosi hata usingizi.”

“Na kiinua mgongo chake, bosi? Hakijalipwa bado.”

Akanisogezea kipande cha tikiti kwenye uma. “Hicho kitafidia kidogo. Kula.”

Nikala, nitafanyaje. Ndani ya kiinua mgongo kile mlikuwa na miaka ishirini na miwili ya Mkuu Ok, na mkewe hakuwa na kingine. Mtoto hawakujaliwa. Matibabu yalikuwa yamekula mpaka amana ya nyumba, na yule mama alikuwa amehamia chumba kimoja juu ya duka la mshonaji. Nikiandika ukurasa ule mmoja, anabaki mikono mitupu.

Nilirudi mezani nikajiambia siandiki neno mpaka niujue mkono ulio nyuma ya kiti. Kiti hakijibonyezi chenyewe.

Gu Hyeon-tae akaja na kahawa ya paketi, vikombe viwili. Huyu ni kijana tunayekaa meza moja, ananiita dada na kunitania kama shemeji yake.

“Dada, unamchunguza marehemu? Shauri yako. Atakuja kukudai kahawa zake zote ulizomnywea.”

“Nyamaza. Kaa hapa usome nami.”

Tukakifungua kile kiti, tabaka moja baada ya jingine. Chini kabisa ya jina la Mkuu Ok palikuwa na mstari ambao mita yangu haikuwa ikiuonyesha. Uliandikwa: Kaimu. Na mbele yake jina. Hyeon-tae aliliona kabla yangu, utani ukamtoka usoni.

Tak Mi-ran.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikasoma tena, nikakumbuka.

Ilikuwa mwezi wa nne, korido ya hospitali, mkewe akimfuta mzee jasho. Simu yangu ililia: Mkuu Ok anaomba umkaimu, unakubali? Naye mzee ananitazama kupitia mlango ulioachwa wazi. Wewe ungefanyaje, ungemwuliza mgonjwa masharti? Nilibonyeza ndiyo, nikainama. Kisha, ili simu isimsumbue kitandani, nikaandika kanuni: maombi ya chini ya won elfu hamsini yapite yenyewe kwa idhini ya kaimu, ya juu yaende kwa wakuu. Na kwa kuwa mama yangu alinilea vizuri, nikawaongezea mawakala agizo la adabu. Msiwasumbue wakuu ila pasipo budi.

Adabu hiyo ndiyo iliyotumaliza. Kila kazi iliyozidi elfu hamsini, mawakala waliikata vipande vidogo vidogo ili wakuu wasisumbuliwe. Ng'ombe asiyeenea mlangoni aliingizwa nyama kwa nyama. Na kila kipande kilianza kwa kuisoma shughuli nzima upya, toka juu hadi chini, kwa bei kamili. Kazi iliyokatwa mara mia ilisomwa mara mia. Hakuna aliyeiba wala aliyeharibika kichwa. Walitii tu, na mwalimu wao ni mimi.

“Funga hiyo skrini, dada,” Hyeon-tae akasema. Safari hii hakuwa anatania. “Nani mwingine anajua?”

“Mimi na wewe.”

“Basi hajui mtu. Andika ukurasa wa bosi, mambo yaishe.”

“Na Mama Ok?”

“Wewe una mtoto wa darasa la pili.”

“Na yeye ana tumbo, kama mimi na wewe.”

“Kwani wewe ndiye uliyemuua mumewe?”

Alijuta kabla hajafunga mdomo, nilimwona. Akachukua vikombe akaenda kuviosha, na vilikuwa vya karatasi.

Nami sitajifanya malaika mbele yenu. Kwa muda ule aliokuwa jikoni nilikubaliana naye. Nilifungua ukurasa mpya nikaandika kichwa cha ripoti, na jina la Mkuu Ok nikalitia wino mzito. Nilipolitazama nikaona haya, nikaufuta ukurasa wote.

Badala yake nikafanya jambo la pekee la maana nililolifanya wiki nzima. Niliwasimamisha mawakala wote wanaopitia kiti kile. Namba za mita zikatulia. Ofisi ikawa ile ile, watu wale wale, lakini mimi nilijiona kama nimetua mzigo. Nikaenda kumchukua mwanangu shuleni, tukala tambi za baridi, nikacheka na hadithi zake za mwalimu anayelala darasani.

Kesho yake nilipowasha kompyuta, namba zilikuwa zinapanda.

Zilikuwa zinapanda kwa kasi kuliko mwanzo. Nikaangalia nani amekifungua kiti. Pyo Gwang-su. Nikampigia pale pale.

“Bosi, kile kiti nilikuwa nimekifunga.”

“Nami nimekifungua. Kazi ya wateja lazima iishe kabla ya Jumatatu.”

“Basi ipitie kiti chako.”

Nilimsikia anakunywa kitu.

“Bi Tak, mpaka Jumamosi kuna kiti kimoja tu ambacho mwenyewe hatalalamika. Acha tukitumie.”

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Mashine sikuiogopa, mashine ina mita. Nilimwogopa mtu anayejua kiti kinakula, na bado anakipakulia. Nikatazama alama nilizozibandika mwenyewe. Kazi za idara ya mauzo, kazi za mafunzo, kazi za mwakani ambazo hata mkataba wake haujatiwa sahihi, zote zilikuwa zinaelekezwa kwa marehemu. Yatakayoonekana Jumatatu ni matumizi ya mtu mmoja aliyekwisha kufa, na viti vya wengine wote vitakuwa visafi. Na kila kazi niliyoifungua, chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina langu la kaimu.

Nikaomba kujiondoa ukaimu. Kompyuta ikanijibu kwa heshima zote: ombi lako limepokelewa, linasubiri idhini ya Mkuu Ok Chang-ho.

Hyeon-tae alisoma jibu lile begani kwangu. Akaniambia niache kazi siku hiyo hiyo, yeye atanibebea sanduku langu mpaka kituoni. Nikamwuliza nikiondoka mimi, kiti kinabaki na nani. Dirishani, vioo vya majengo ya jirani viling'aa, watu wakipita na vikombe vyao vya barafu, na mimi nikawaonea wivu wote.

Ripoti sikuiandika. Nilikata shauri kwamba Jumamosi, ibada ikiisha, nitapiga magoti mbele ya Mama Ok na kumwambia yote. Kisha nitakwenda kwa Pyo na kumwambia pesa hizo anikate mimi. Nilimwandalia mwanangu nguo za kwenda kwa mama yangu, asije akanikuta nyumbani nikiwa vipande vipande.

Siku ikafika. Tukapanda hekaluni, kule mlimani nyuma ya mji, kampuni nzima kwa suti nyeusi. Watawa wakaimba. Nguo za Mkuu Ok zikachomwa uani, moshi ukatuingia machoni, na waliokuwa wanatafuta kisingizio cha kulia wakakipata. Pyo hakuwepo. Watu waliambiana yuko njiani.

Mama Ok, Bi Seon Bok-rye, nilimkuta katika ukumbi wa chakula akigawa keki za mchele. Ni mwanamke mfupi, asiyependa maneno mengi. Kila aliyemwendea na pole alipewa sahani ili anyamaze.

Nikapiga magoti. Nikamweleza mawakala, mita, kanuni ya elfu hamsini, adabu yangu, kila kitu, bila kujitetea popote. Nilimwambia kiti ni cha mumewe lakini mkono ni wangu. Hakuinua macho. Aliendelea kupanga keki, nyeupe upande huu, za majani ya kijani upande ule.

“Najua, mwanangu.”

“Unajua nini, mama?”

“Kwamba jina ni lako. Bosi wenu alikuja nyumbani, ile sikukuu ya Mashujaa, mwanzoni mwa mwezi huu wa sita. Nikashangaa, mtu kuja na makaratasi siku ya sikukuu.”

Kazi ya mita nilipewa baada ya sikukuu ile. Pyo alikuwa anamjua kaimu kabla hajanituma kumtafuta. Kumbe hakunituma kutafuta. Alinituma nijenge ushahidi dhidi yangu kwa mikono yangu, kazi kwa kazi, alama kwa alama, na akanilipa mshahara juu yake.

“Alitaka nini kwako, mama?”

“Alisema ama kiti kilipe, ama aliyekikaimu alipe. Nikamwuliza, huyo aliyekaimu ana nini? Akasema ana mtoto.” Akaondoa unga kwenye vidole. “Nikatia sahihi. Kiinua mgongo nimekiacha.”

“Mama, kwa nini?”

“Mume wangu ndiye aliyekuweka pale, tena akiwa na homa, hajui anabonyeza nini. Siwezi kukuacha ulipie ugonjwa wake.” Akanisukumia sahani. “Kula. Zinakauka.”

Nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya watu, na walionizunguka wakanipigapiga mgongo wakidhani namlilia Mkuu Ok. Nilikuwa nimekwenda pale kujitoa kafara, kumbe mwenzangu ameshatangulia, na hakumwambia mtu. Nilijiapiza kimoyomoyo kwamba karatasi ile itachanwa siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa meno yangu.

Mlango wa ukumbi ukasogezwa. Pyo akaingia.

Alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya marehemu iliyowekwa mwisho wa ukumbi, akasujudu mara mbili kama itakiwavyo, taratibu, paji la uso likagusa sakafu. Akamwinamia Mama Ok. Kisha akasimama katikati ya ukumbi akaomba radhi kwa kukatiza chakula. Akasema kiti cha mtu mkubwa hakifai kukaa wazi. Akasema kwamba mzee alipokuwa anaumwa, kuna mtu mmoja alimshikia kazi kimya kimya, bila kudai cheo wala shukrani, na kwamba leo, mbele ya marehemu, kampuni inataka kumpa haki yake. Akatoa bahasha kwenye koti. Mkuu mpya wa idara, Bi Tak Mi-ran.

Watu walifurahi. Wengine walifurahi kweli, nawajua. Makofi yakaanza, kwanza ya aibu aibu kwa sababu ya matanga, kisha yakakolea. Hyeon-tae peke yake hakupiga. Alikuwa amesimama karibu na masufuria, anatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemkataza mtoto barabarani.

Pyo akanisogelea, tabasamu mahali pake, akainama kana kwamba ananipongeza.

“Wawekezaji wamemkataa marehemu,” akaninong'oneza. “Wanataka mtu wa kuulizwa maswali. Cheo chako kinaanzia siku Ok alipolazwa. Pokea, nami karatasi ya mama naichana hapa hapa, mbele yako.”

“Na nisipopokea?”

“Sahihi yake inabaki. Chagua, watu wanakutazama.”

Kweli walikuwa wananitazama. Nikipokea, Mama Ok anarudishiwa miaka ishirini na miwili ya mumewe. Nami ninakuwa mwenye kiti tangu siku ya kwanza, mwenye kila won iliyoliwa mle, na zile zilizorundikwa wiki hii pia. Jumatatu nitaulizwa, na mita yangu mwenyewe ndiyo itakayonijibia. Akilini nilimwona mwanangu akiwa na begi lake mlangoni kwa mama yangu, akiuliza nitakuja lini.

Pyo akanyoosha bahasha. Kwetu, bahasha ya mkubwa hupokewa kwa mikono miwili, kichwa chini, na haifunguliwi mbele yake. Sijapata kumwona mtu aliyeikataa, sembuse mbele ya picha ya maiti, na makofi yanapigwa.

“Usipokee.”

Alikuwa Mama Ok. Hakupaza sauti, lakini makofi yalikatika. Alikuwa ameweka sahani chini na kusimama, mfupi vile vile, unga bado vidoleni.

“Mi-ran, mwanangu, unasikia? Usipokee kitu kwa huyo. Mimi nimeshalipa.”

Nilitaka kumtii. Wallahi nilitaka, kwa moyo wangu wote. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba nimesikia, nikaitazama mikono yangu, na yote miwili ilikuwa imeshanyooka kuelekea bahasha.